Mchanga au sakafu? Kutunga dansi ya wawili Toubab Dialaw

École des Sables, shule ya dansi iliyoanzishwa mwaka 1998 na Germaine Acogny na mumewe Helmut Vogt huko Toubab Dialaw, kusini mwa Dakar, ina ukumbi wa mchanga na ukumbi wa sakafu. Mtunzi aliyefika na wachezaji wawili kwa ukaazi wa kisanii, yaani kukaa hapo kwa muda ili kutunga kazi, aanzie wapi?

Sakafu ndiyo rahisi. Mguu unazunguka, mwili unateleza, na anayembeba mwenzake anajua anakanyaga wapi. Halafu kuna sauti: kishindo cha huyu kinampa yule wakati wa kuingia, hata akiwa amempa mgongo.

Mchanga unameza kishindo chote. Wawili hao wanabaki kusikilizana pumzi. Kuzunguka ni shughuli pevu, vifundo vya miguu vinachoka mapema, na ukimwinua mwenzio unadidimia kwa uzito wa watu wawili. Lakini hapo ndipo penye utamu, maana uzito hauwezi kuigizwa. Tena mchanga unaweka kumbukumbu: mazoezi yakiisha, nyayo zinaonyesha nani alimfuata nani, na wapi waliachiana nafasi kubwa mno. (Video nayo inaonyesha, ila si kwa uwazi ule.)

Mimi ningeanza mchangani, nitafute humo kubebana na kuangushana, kisha nihamie sakafuni mapema kuliko wengi wanavyopenda. Majukwaa mengi yatakayoipokea kazi hiyo yana sakafu ngumu, na mguu uliozoea kusukumana na mchanga, ukifika huko, utapitiliza.