Mbegu zilizofia njiani: uzoefu wangu na kituo cha kupandisha farasi huku Texas

Nianze na haki yao. Dume mwenyewe ni mzuri. Watoto wake wana akili ya kumsoma ng'ombe: mweke mmoja mbele ya ndama, utaona anavyoinamisha kichwa na kumkinga bila kuvutwa hatamu. Vipimo vyake vya vinasaba ni safi, hasa cha HERDA, ugonjwa wa ngozi kuchanika chini ya tandiko. Jike wangu ni mbebaji, yaani ana kinasaba chake ila haugui, na wabebaji wawili wakikutana uwezekano wa mtoto kuugua ni mmoja kwa nne. Kwa hayo ningewapa nyota tatu.

Tatizo ni kikasha cha kusafirishia. Tuliagiza mbegu za dume huyo zilizopozwa kwa baridi, mwishoni mwa Machi hivi. Ultrasaundi ilionyesha folikoli (kifuko chenye yai) ya milimita 38, daktari wa mifugo akamchoma jike deslorelini, homoni ya kulitoa yai. Ukishachoma, yai linatoka baada ya saa 40 hivi, na mbegu lazima ziwe zimeshaingia. Kikasha kilifika kwa wakati. Kukifungua, pakiti ya barafu imeulalia mfuko wa mbegu, bila chochote katikati! Mbegu za farasi zikishushwa haraka kutoka nyuzi 20 hadi 5 hupata mshtuko wa baridi, utando wake unaharibika, na ukizipasha moto tena hazirudi. Tulipasha tone kwenye kioo cha nyuzi 37, tukasubiri dakika chache, tukatazama kwa hadubini. Mikia imepinda, zilizo hai zinazunguka palepale au zinaogelea kinyumenyume. Za kwenda mbele hazikufika moja katika kumi. Dozi inatakiwa iwe na milioni 500 za aina hiyo wakati wa kupandisha. Karatasi yao nayo ilikuwa na jina la dume na sahihi tu. Idadi hakuna, asilimia ya mwendo hakuna.

Nikapiga simu. Dada wa mapokezi: “Hapa zilitoka nzima. Mkampime huyo jike wenu.” Akakata. Jike aliyezaa miaka miwili mfululizo! Picha za hadubini hakutaka hata kuziona. Kufunga vibaya ningesamehe, mkono huteleza. Kumsingizia jike sisamehi.

Dozi ya pili walitutoza upya ada ya kumkamua dume mbegu na ya usafiri. Na kabla yake unangoja siku tano au sita tangu yai litoke, unachoma prostaglandini, homoni ya kumrudisha jike kwenye joto la kutaka dume, unangoja tena joto hilo lirudi na folikoli ikue. Zaidi ya wiki mbili zimepotea. Kwa farasi wa kuchunga ranchini si neno. Kwa wa mashindano ni hasara, maana umri wa wote huhesabiwa tangu Januari 1 ya mwaka waliozaliwa, na kwenye Futurity ya NCHA, mashindano ya farasi wa kutenga ng'ombe kundini, pale Fort Worth wa miaka 3 wanapangwa pamoja, awe wa Januari au wa mwisho wa Machi.

Hiyo ya pili ilifungwa vizuri, jike akashika. Siku ya 15 tuliona mimba moja, hakuna pacha. Siku ile nilikuwa tayari kuwarudishia nyota zao tatu. Leo nikiikumbuka ile simu, ni moja, nayo ni ya dume.

Ukilazimika kuagiza kwao, usichome deslorelini kabla hawajakuahidi kwa maandishi kutuma picha ya kikasha kikiwa wazi, pamoja na hesabu ya mbegu ya siku hiyohiyo.