Ukoka wakati wa joto: kurashia kila siku au kushibisha mara mbili kwa wiki?

Januari na Februari jua la Dar es Salaam likiwaka, wengi hushika mpira kila jioni na kurashia ukoka dakika chache. Majani yanang'aa, lakini maji yameishia juu. Fukua kwa kidole uone: sentimita mbili tu chini, udongo mkavu. Mizizi nayo hubaki hapo hapo juu, na mgao wa maji ukianza, bustani hukauka upesi.

Njia ya pili ni kushibisha ardhi alfajiri, mara mbili kwa wiki. Kwenye joto, ukoka huhitaji takriban milimita 25 za maji kwa wiki, yaani lita 25 kwa kila mita ya mraba. Kama unatumia kinyunyizio, weka kopo tupu kwenye majani. Maji yakifika milimita 12 hivi, funga bomba. Kisha choma ardhi kwa bisibisi ndefu. Ikizama sentimita 15 bila kugoma, maji yamefika, na mizizi itayafuata huko chini.

Kwa udongo wa mfinyanzi sina shaka kabisa: shibisha. Maji yakianza kutiririka, pumzika nusu saa, halafu endelea. Mchanga wa pwani haushiki maji, kwa hiyo gawa kiasi hicho hicho mara tatu.

Kurashia kila siku kunaufaa ukoka uliopandwa juzi tu, mpaka ushike. Hata huo, tafadhali, mwagilia asubuhi: majani yakilala yamelowa kwenye fukuto hili, kuvu huyavamia.