Walinichomea bamba la kaboni, wakaniambia weusi hauonekani

Kama una bamba la nyuzi za kaboni na mtu yeyote pale Eneo la Viwanda, Nairobi, akakuahidi kulitoboa kwa leza, mwombe kwanza akuonyeshe tundu alilowahi kutoboa. Akisita, beba bamba lako uondoke.

Mimi hutengeneza fremu za droni za kupiga picha mashamba, nyingi zikienda kwa wakulima wa majani chai upande wa Kiambu. Bamba ni la milimita 3, mikono ya droni inafungwa kwa boliti za M3, yaani zenye kipenyo cha milimita 3, kwa hivyo tundu linatakiwa liwe la milimita 3.2 na lisizidi hapo. Siku zote natoboa kwa drili, na aliyewahi kuifanya kazi hii anajua adha yake. Kaboni inakula biti. Biti ya chuma ya kawaida inaisha makali upesi mno, na ikishakuwa butu haikati, inasukuma tu, hadi tabaka la chini linabanduka pale biti inapotokea. Leza haina makali ya kuisha, haigusi kitu, haisukumi. Ndiyo maana bango lao lililoandikwa kwamba wanakata na kutoboa vifaa vya kila aina, kaboni ikiwemo, lilinivuta.

Meneja alipokea pesa kwa M-Pesa kabla hata ya kulitazama bamba. Nikamuuliza leza yao ni ya aina gani. "Leza ni leza, dada." Jibu hilo peke yake lilitosha kuwa onyo kwa mteja yeyote, ila mtu aliye mbele yako anazungumza kwa uhakika, mashine unaisikia ikivuma nyuma ya pazia, unaamini yuko kazini kwake.

Siku ya kuchukua kazi, harufu ilinipokea mlangoni, ya gundi iliyoungua. Bamba lilikuwa limefungwa kwa gazeti. Kulifungua tu, vidole vikawa vyeusi. Kila tundu lilikuwa na alama ya kijivu pembeni, tena si duara, bali umbo la yai, lililorefuka kufuata upande ambao nyuzi za tabaka la juu zimelala. Nikapitisha ukucha ukingoni, tabaka likainuka. Nikatoa lenzi ndogo ninayokagulia solda: resini, yaani gundi inayoshika nyuzi, haipo kabisa, ncha za nyuzi zimebaki uchi, zimetawanyika kama fagio la makuti lililochakaa. Boliti niliyokuja nayo ikaingia kwa juu ikicheza, kufika chini ikagoma. Tundu pana juu, jembamba chini.

Nikamwonyesha meneja. Hakulishika. Macho yalibaki kwenye simu yake, akasema: "Dada, kaboni si ni nyeusi tayari? Nyeusi juu ya nyeusi, nani ataona?" Wateja waliokuwa wakisubiri kadi za harusi wakacheka naye.

Nani ataona! Sikuenda pale kutafuta urembo. Boliti ile inashika mkono wenye mota inayotetemesha fremu nzima muda wote droni iko angani. Pakilegea pale, mkono unalegea, na droni inaangukia watu wanaochuma chai.

Naeleza kilichotokea, kwa sababu anayelipisha kazi hii alipaswa kuijua kuliko mimi. Bamba la kaboni ni vitu viwili vilivyoshikana, nyuzi za kaboni na gundi ya epoksi, ambavyo haviungui pamoja. Epoksi inaanza kuvunjika kabla ya kufika nyuzijoto 400. Kaboni yenyewe haiyeyuki, inageuka mvuke moja kwa moja, na kwa hilo unahitaji zaidi ya nyuzijoto 3,000. Kwa hiyo kabla leza haijaondoa uzi mmoja, gundi iliyoushika imeshakwenda. Tena uzi wa kaboni hupitisha joto kwa urefu wake, ukalipeleka mbali na tundu. Ndilo lile umbo la yai. Inawezekana kutoboa vizuri, sikatai. Kuna leza za mipigo mifupi mno, na za mwanga wa urujuanimno wenye urefu wa wimbi wa nanomita 355, zinazozungushwa zikikwangua kidogo kidogo, na kati ya mzunguko na mzunguko bamba linaachwa lipoe. Yao ni ya kaboni dioksidi, yenye wimbi refu zaidi, mikromita 10.6, ya kukatia akriliki na mbao. Kwa kazi hizo ni mashine nzuri sana. Herufi za akriliki nilizoziona zimeegemezwa ukutani mle ndani zilikuwa safi, ukingo unang'aa.

Meneja alipotoka kwenda kula, kijana anayeendesha mashine akaniita kwa sauti ya chini. "Dada, nilimwambia mkubwa kaboni hatuiwezi. Akasema mteja ameshalipa, piga mara moja, nguvu yote, kuna foleni." Kisha akachukua kipande kilichobaki cha bamba langu, akapunguza nguvu, akaharakisha mwendo, akapita, akangoja, akapita tena. Ile alama ya kijivu ilipungua zaidi ya nusu. Bado si tundu ambalo ningelifungia mkono wa droni, lakini kijana yule anaijua mashine yake na anaona haya kutoa kazi mbovu. Hapo nikataka kufuta yote niliyokuwa nimeyapanga kuandika. Nikasema moyoni, nitawapa nyota tatu, mbili zikiwa zake.

Halafu nikamtazama vizuri. Hana barakoa. Feni ya kutolea moshi iko juu, imezimwa, waya wake unaning'inia. Epoksi ikiungua inatoa moshi wenye sumu, na vumbi la kaboni linawasha ngozi na kuingia kifuani. Linapitisha umeme pia. Likitua kwenye saketi za mashine linaweza kuzichoma. Kijana alipofuta pua, kitambaa kikawa cheusi. Nikamuuliza kuhusu feni, akasema iliharibika kitambo. Nyota tatu zikaishia hapo. Meneja anayemwacha mfanyakazi avute moshi ule huku yeye akiwachekesha wateja hastahili hata moja.

Bamba jingine nimelipeleka kwa fundi wa Kariobangi Light Industries, mzee asiye na bango. Aliweka biti ya kabaidi, ngumu kuliko ile ya chuma, akabana plaiwudi chini ya bamba ili tabaka la mwisho lisipasuke, akashusha drili taratibu huku mwanafunzi wake ameshika mdomo wa vakyumu pale pale penye vumbi. Alivaa barakoa, akanipa na mimi yangu. Matundu yametoka sawa. Biti zake ni ghali na ameniambia wazi kwamba nitazilipia. Nitazilipia.

Wale wa leza wamenirudishia nusu ya pesa, baada ya simu nyingi. Nusu nyingine meneja anasema ni "gharama ya mashine", na bamba nililolipa hadi ushuru wa kuliingiza nchini hataki hata kulizungumzia. Naendelea kumpigia. Na ukienda pale kwa herufi za akriliki, nenda, ila dai kazi yako ifanywe na yule kijana, na kabla hujatuma pesa waulize feni imerekebishwa lini.