Mapango ya Amboni na mjukuu asiyetulia

Ukitoka Dar na mtoto wa miaka 5, kazi si mapango, kazi ni njia. Huyu mume wangu mdogo alianza "Bibi, tumefika?" tangu Chalinze. Muheza tukanunua machungwa, akanyamaza, maana mdomo ulikuwa na shughuli.

Amboni ni kama kilomita 8 kutoka Tanga mjini, kwa barabara ya Mombasa. Ni mapango ya mawe ya chokaa. Yapo kadhaa, ila wageni huingizwa moja tu. Muongozaji alitupa shikamoo, akamkabidhi mtoto tochi aishike mwenyewe. Hapo ndipo alipompatia! Mbio zikaisha, akawa anamulika kila jiwe: hili tembo, lile mamba. Alipoona popo akauliza, wakilala miguu juu damu haiwashuki kichwani? Kijana wa watu hakumcheka, alimjibu taratibu kama anaongea na mtu mzima. Kwa hilo tu nampa maksi zote.

Kuna sehemu za kuinama hasa. Wenye magoti kama yangu, vaeni suruali ndani ya dera na raba zisizoteleza. Harufu ya popo ipo, hamna ujanja. Kuna pia mahali watu huweka sadaka na kuomba. Muonye mtoto mapema, wangu alishanyoosha mkono kwenye chupa ya marashi.

Nendeni asubuhi, bebeni maji. Mtoto wa mgongoni ningemwacha nje na mama yake.