Peabody na Sherman: katuni ya 1959 au filamu ya 2014?
Peabody, mbwa msomi, na Sherman, mvulana wa kulea anayesafiri naye hadi enzi za kale, wanapatikana kwa sura mbili.

Katuni, iliyoanza kwenye televisheni ya Marekani mwaka 1959, ni vipande vya dakika chache. Michoro yake ni ya bei poa, mdomo unacheza huku mwili umeganda, lakini maneno yana makali. Kila safari ya enzi za kale hufungwa kwa mchezo wa maneno wa Peabody. Asiyekijua Kiingereza vizuri hatacheka.

Filamu ya studio ya DreamWorks, iliyoongozwa na Rob Minkoff, ni rangi na purukushani: Misri ya Tutankhamun, Florence ya Leonardo da Vinci, ndani ya farasi wa Troy. Ila utamu wenyewe uko shuleni. Penny, mwanafunzi mwenzake, anamdhihaki Sherman kuwa ni mbwa, naye Sherman anamng'ata! Mama wa ustawi wa jamii anaingia, anauliza kama mbwa anafaa kulea mtoto wa mtu. Katuni haikujisumbua sana na hayo.

Kwa jioni na watoto, chukua filamu. Mimi nabaki na katuni. Peabody wa zamani ana majivuno zaidi, wala hamwombi mtu radhi.