Pedali au programu kwa gitaa linaloyumba?
Mlio ule wa bendi ya My Bloody Valentine wa 1991, gitaa likiyumba kama ngalawa, mpiga gitaa wao Kevin Shields aliupata kwa kupiga nyuzi huku kashika mkono wa tremolo, kile chuma cha kwenye gitaa kinacholegeza na kukaza nyuzi, akaongeza mwangwi uliogeuzwa kinyumenyume. Hapa Bagamoyo ubishi wa namna ya kuupata hauishi: pedali, kile kisanduku cha kukanyaga kinachobadili mlio wa gitaa, au programu ya kompyuta?

Kwa bei, programu. Zipo hata za bure. Ila huchelewesha sauti kidogo, na jukwaani mpiga dramu atakuacha. Pedali hujibu papo hapo, lakini hewa ya chumvi haina huruma: tundu la waya kwenye yangu lilishika kutu, ikakwaruza wiki nzima mpaka nikalisugua kwa spiriti.

Unarekodi chumbani? Programu inatosha. Unapiga ufukweni? Beba pedali, na uifunge vizuri. Gitaa lisilo na ule mkono, hata ununue vyote viwili, haliyumbi vile.