Kliniki ya daktari bingwa au benchi la akina bibi?
Mtoa huduma za afya ya akili katika jamii anapoandaa mpango mkakati wa miaka 5, swali zito huwa ni fedha ziende wapi: kliniki yenye daktari bingwa, au watu wa mtaani waliofunzwa kusikiliza. Kliniki ina nafasi yake, kwani mgonjwa anayesikia sauti zisizokuwepo huhitaji dawa na mtaalamu wa kuzisimamia. Lakini bingwa ni adimu, na akihama huduma husimama.

Njia ya pili ilijaribiwa Harare, Zimbabwe, ambako kuanzia mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda aliwafunza akina bibi 14 wa mtaa wa Mbare. Bibi huketi na mgonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati, humwuliza maswali, kisha humsaidia kuchagua tatizo moja la kuanza nalo. Hazungumzii sonona, bali kufungisisa, neno la Kishona lenye maana ya kuwaza kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa dalili zilipungua.

Mimi ningeanza na benchi, mradi bajeti itenge fungu la posho, usimamizi na rufaa, mambo ambayo mara nyingi husukumwa ukurasa wa mwisho.